Seli shina haziingii ubongoni kwa dripu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, ila ile habari ya "tiba mpya ya kutetemeka" imenishinda. Mlisema mgonjwa wa Parkinson anatundikiwa dripu ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, kisha anainuka. Siku chache baadaye familia moja ya Machame ikaja kwenye duka langu la dawa na kipande cha gazeti hilo, ikiuliza kama ng'ombe wawili watatosha.

Wasiuze. Seli zikipitishwa mshipa wa mkono, nyingi hunasa kwenye mapafu. Jaribio la Kyoto, Japani, lililoanza 2018, ambalo matokeo yake yalitoka 2025, lilikuwa na wagonjwa saba tu. Seli za damu za mtu mwingine zilirudishwa kwanza kwenye hali ya ushina, zikalelewa maabara mpaka zikaelekea kuwa za kutengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo na inayowapungukia wagonjwa hawa. Ndipo fuvu likatobolewa na sindano ikafikishwa putameni, sehemu ya ndani ya ubongo inayosimamia mwendo, kulia na kushoto. Wakanywa dawa za kuzuia kinga ya mwili zaidi ya mwaka, na picha za ubongo zikapigwa kwa miaka miwili, maana seli isiyokomaa inaweza kuota uvimbe. Waliopimwa nafuu ni sita. Wanne ndio waliojongea vizuri zaidi walipopimwa wakati dawa zao za kawaida hazifanyi kazi mwilini. Hakuna aliyepona. Hata tiba ya jeni iliyoidhinishwa Ulaya 2022, tena kwa upungufu wa kimeng'enya cha AADC na si Parkinson, hutumia mililita 0.32 tu, sehemu nne ndani ya ubongo. Chupa yenu ya dripu ina 500!

Hapa jirani, wilayani Hai, utafiti wa 2008 katika watu zaidi ya 161,000 ulipata wagonjwa 33 wa Parkinson, wengi wao hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Levodopa, dawa inayogeuka dopamini ubongoni, ipo miaka yote hii. Inywewe nusu saa kabla ya chakula, si juu ya sahani ya kiburu cha ndizi na maharage, kwa sababu protini ya maharage huigombania njia ya kuingia mwilini. Na wenzangu wa madukani, mgonjwa akilalamika kichefuchefu mnampa metoklopramidi, dawa inayoizuia dopamini ileile! Keshokutwa kaganda kama gogo, mnasema ugonjwa umepanda.

Mkiandika tena "tiba mpya", wekeni kisanduku: seli zimetoka wapi, zimepitia tundu gani, wagonjwa wangapi, wamefuatiliwa miezi mingapi. Pakikosekana jibu moja, nafasi hiyo wapeni wauza matairi.

Mfamasia,
Pasua, Moshi