Namba tasa hazihitaji kukaririwa

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge mazoea yetu walimu wa hesabu ya kuwakaririsha watoto orodha ya namba tasa hadi 100, yaani zile zinazogawanyika bila baki kwa vigawo viwili tu, 1 na zenyewe, kisha basi. Mpe mtoto huyo 397 uone anavyokodoa macho. Mwingine ataanza kugawa kwa kila namba hadi 396, adhabu isiyo na kosa.

Kazi yenyewe ni ndogo. 20 mara 20 ni 400, imeshapita 397, kwa hiyo zijaribiwe namba tasa zilizo chini ya 20 tu. Kwa nini tuishie hapo? Kwa sababu vigawo huja viwili viwili, na vyote viwili vikifika 20, zao lake halipungui 400. Mbili na tano unaziondoa kwa kutazama tarakimu ya mwisho. Tatu, kwa kujumlisha tarakimu: 19, haigawanyiki. Zinabaki 7, 11, 13, 17 na 19. Zote zinaacha baki. 397 ni tasa.

Wanaobahatisha wapewe 91. Kwa sura ni tasa kabisa, kumbe ni 7 mara 13! Na 1, jamani, si tasa. Ina kigawo kimoja tu.

Mwalimu mstaafu wa hesabu