Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapiga picha za ndege,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tulikwenda hori ya Mida, mlango wa Mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa pwani ya Kenya, kama ratiba ilivyosema. Maonyesho ya picha yalifanyika, na darasa la wanaoanza linaendelea.

Nije kwenye lililozua maneno: uamuzi wa kamati kupiga marufuku spika za kuchezea milio ya ndege, na flashi, katika safari za msituni. Hoja niliileta mimi mezani, na bado naisimamia.

Bundi mdogo wa Sokoke hazidi sana sentimita 18. Mchana hujibanza kwenye matawi ya chini ya kichaka kilichosongamana, akitegemea rangi yake imfiche. Ukimchezea mlio wa bundi mwenzake kwenye simu, dume hudhani mpinzani ameingia eneo lake. Anatoka mafichoni mchana kweupe, ndege wadogo wanamzonga, na mwewe naye anaona. Tena kila kundi la wapiga picha hupelekwa kwenye kichaka kilekile. Mchezo huo ukirudiwa, bundi anahama. Na duniani kote ndege huyu yuko pwani yetu na chini ya milima ya Usambara, Tanzania, basi.

Wanaodai tumezuia picha za bundi hawasemi kweli. Bundi aliyelala hatikisiki, kwa hiyo shata (kifungio cha kamera kinachopitisha mwanga) ya polepole inatosha. Funga kamera kwenye tripodi, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600 hadi 3200, tundu la lenzi f/5.6, shata sekunde 1/60 au hata 1/30, na utumie kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise mtambo. Piga fremu kumi mfululizo: upepo ukisukuma tawi, moja au mbili zitatoka safi. Kinachoharibu picha nyingi si giza, ni jani la mbele kuiba fokasi. Chagua nukta moja ya fokasi, iweke usoni pa ndege. Ikikataa, zungusha lenzi kwa mkono. Dakika kumi, kisha ondokeni.

Kamati iliondoa picha mbili kwenye maonyesho, na waliozipiga wanasema wameonewa. Zote mbili zinaonyesha bundi amekodoa macho mchana, mng'ao wa flashi ndani ya mboni. Hiyo ni picha ya ndege aliyesumbuliwa. Chama hiki hakiwezi kuitundika ukutani.

Mahudhurio yanasikitisha. Safari ya Mida, basi la viti 25 lilibeba watu 9. Wengine wanalalamikia kuondoka alfajiri, lakini saa hupangwa na maji. Maji yakianza kujaa, wale ndege weusi kwa weupe wanaokula kaa, wanaozaliana fukwe za Uarabuni na kutujia wakati wa kaskazi, husukumwa kuelekea ufukweni. Ukae chini muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, jua mgongoni, shata 1/2000, mwanga upunguzwe kidogo ili weupe usiungue, watakusogelea wenyewe. Anayefika maji yameshajaa huwarusha wote, na wanapoteza nguvu walizoziweka kwa safari ya kurudi. Ikipita saa tatu asubuhi mazigazi yanapanda juu ya mchanga, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayotoa picha kali.

Ada nayo: wanachama 52, waliolipa Sh 2,000 ni 21. Zimeingia Sh 42,000, basi na waongozaji na ukumbi vimekula Sh 61,000. Pengo la Sh 19,000 nimeliziba mimi kwa muda, na mweka hazina ana stakabadhi. Lenzi ya chama ya milimita 400 haitaazimwa tena kwa mwenye deni.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tungependa kufika msitu wa Dakatcha baada ya mvua, kwenye mabwawa ambako mwaka 2013 viota vya mnana wa Clarke, ndege msuka viota, vilionekana kwa mara ya kwanza. Gharama bado tunaziangalia. Kanuni ya kukaribia viota italetwa kwenu kabla ya safari, nayo itakuwa kali kuliko hii ya bundi.