Barua kwa Somoe kabla hajapanda ndege

Mikindani, Juni

Mwanangu Somoe,

Assalaam aleykum. Sisi huku hatujambo. Kifua cha mama yako kimepungua, mikorosho ya shamba la juu imeanza kuchipua, na mvua zimekwisha. Ama baada ya salamu, nimeona niandike, maana kwenye simu kila nikikuuliza unacheka, kisha salio linakwisha. Swali langu ni moja. Huko Uingereza unakokwenda kupanda farasi wa mashindano, utakapokuwa unawarusha hao farasi magogo, nani atakuwa karibu yako?

Habari ya safari nimeipata kwa mjomba wako. Najua mjomba ana lake kwenye mila zetu, sikatai, lakini mbuzi wawili walioleta nauli yako ya kwenda Arusha walikuwa wangu. Ungeanzia kwangu. Hilo nimelisema, limepita.

Ulimtaja yule mama Mwingereza mpanda farasi, Lucinda Green, ukasema unataka kufuata njia yake. Basi nimemkalisha mdogo wako Shafii barazani siku tatu mfululizo baada ya Isha, anasoma kwenye simu na kunifasiria. Sasa namjua. Alipotimiza miaka 15 alipewa farasi, Be Fair, na mwaka 1973, akiwa na miaka 19, akashinda naye Badminton, yale mashindano makubwa ya farasi ya huko Uingereza. Hayo uliniambia. Uliniambia pia kwamba Badminton ameishinda mara 6 na kila mara na farasi mwingine, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya, na kwamba mwaka 1982 alikuwa bingwa wa dunia kule Luhmühlen, Ujerumani, juu ya Regal Realm.

Habari ya farasi wake mwingine, Wideawake, hukuniambia. Mwaka 1976 yule mama ameshinda naye Badminton, anamzungusha farasi uwanjani watu wanamshangilia, farasi akaanguka akafa pale pale. Na mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Montreal, Be Fair naye akaumia mguu wa nyuma. Farasi wawili katika miezi michache! Shafii aliponisomea nilimwambia arudie. Kwa nini ulinificha? Ulidhani baba atasema usiende. Ungeniambia, ningesema nini? Mwaka uliofuata akapanda farasi mwingine, George, akashinda tena Badminton. Mtu wa namna hiyo namheshimu, na nakuelewa ukimpenda.

Lakini sikia kilichonikaa. Wideawake hakuanguka kwenye gogo. Magogo yalikuwa yamekwisha, kila mtu ameshashusha pumzi. Na uwanja ulikuwa umejaa watu, hata msaada ungehitajika mikono ilikuwepo. Wewe ukimtoa farasi alfajiri, ukashuka naye bondeni peke yako kumnyoosha miguu, mikono iko wapi?

Mchezo wenyewe nimeuelewa, una sehemu tatu. Siku ya dresaji haininyimi usingizi, farasi anakwenda kwa hatua kama za ngoma ndani ya uwanja wa mita 20 kwa 60 na majaji wanatoa alama. Ile ya kuruka miti inayoanguka ikiguswa, pia nakuachia, mti ukianguka ni alama 4 na maisha yanaendelea. Ninayoiogopa ni ile ya katikati, ya porini, ya magogo yasiyosogea, mitaro na madimbwi. Shafii amenionyesha picha ya farasi aliyegonga gogo kwa miguu ya mbele, juu ya magoti, akapinduka mzima mzima. Kilo 500, Somoe. Wewe una kilo ngapi? Nimeambiwa siku hizi vizuizi vingine vinawekwa pini ya kuachia kizuizi kikigongwa kwa nguvu, na kwamba mpandaji anavaa fulana inayojaa hewa mara anapotoka kwenye tandiko. Vizuri. Kamba ya fulana uifunge kwenye tandiko kila siku, hata siku ya kutembeza tu. Usinitajie kofia ngumu. Yule mwigizaji wa Marekani, Christopher Reeve, mwaka 1995 alikuwa ameivaa, na farasi wake hata hakupinduka. Alisita tu mbele ya kizuizi cha tatu, mwenyewe akatangulia kwa kichwa, na hakutembea tena mpaka kufa kwake.

Nilitaka kukuandikia kwamba uache kupanda, usomee ukocha moja kwa moja. Hesabu yangu ilikuwa hii: yule mama aliposhinda Badminton mara ya sita, mwaka 1984, alikuwa na miaka 30 tu. Ushindi wote 6 umekaa ndani ya miaka 11. Tangu hapo amezunguka nchi nyingi akifundisha watu kuruka, na miaka hiyo ya kufundisha ni mingi kuliko ile ya vikombe. Nikasema, kwa nini binti yangu asianzie kwenye sehemu ndefu, akaiacha ile fupi yenye kuvunja watu shingo? Mama yako akaniuliza, atafundisha nini ambacho hajakipanda? Sikuwa na jibu. Kwa hiyo panda. Lakini ualimu uuombe tangu mwezi wa kwanza, wakuandikie na cheti. Usikubali ukarudi baada ya miezi sita unajua tu kusafisha mabanda na kupaka tandiko mafuta, hayo Arusha ulishayajua.

Na muulize huyo kocha wako mpya: anaposimama chini, anatazama nini? Nakuambia kwa sababu kuna vijana wawili wa Mitengo wananifuata niwafundishe ukwezi. Nyonga hii hainipandishi tena, nasimama chini ya mnazi na fimbo. Miaka 30 nimepanda minazi ya mji huu, na sikujua kwamba mkwezi kabla hajateleza bega lake la kushoto linashuka kwanza. Juu huwezi kuliona bega lako. Chini linaonekana wazi, na mtu anapata nafasi ya kupiga ukelele. Kijana mmoja nimempigia ukelele mara mbili wiki iliyopita, akashuka amenuna. Anune.

Siku ile niliyoanguka mnazini unaijua, wewe ndiye uliyenikuta, sina haja ya kuirudia. Nitasema moja tu ambalo hulijui. Kamba haikukatika. Nimewaambia watu wote kamba ilikatika, na hospitali niliwaambia hivyo. Kamba iko nzima, ndiyo ile mama yako anayomfungia beberu. Alfajiri ilikuwa imenyesha, mnazi umelowa, mama yako akasema ngoja jua litoke. Na jirani alikuwa uani kwake, ningemwita asimame chini angekuja. Sikumwita. Nilikuwa mkwezi mwenye jina, nimwite mtu wa nini? Nikalala pale mchangani mpaka ulipotoka shule. Ulikuwa na miaka 11, na ulinivuta kwa mikono ile.

Ndiyo maana nauliza nani atakuwa karibu. Ukiona aibu kumwomba mtu asimame kando ya gogo, mwombe huku unaona aibu. Kama hakuna mtu asubuhi hiyo, mtembeze farasi kwa hatua na umrudishe bandani. Tajiri akikasirika, akasirike. Sema baba yako amekataza.

Wazee wetu huku hawakufuga farasi, mbung'o hawakuwaruhusu, basi hapa barazani mimi ndiye nimegeuka mwalimu wa farasi. Wananiuliza anakula nini, analala amesimama kweli, kwa nini apigiliwe chuma kwenye kwato na asilie. Ninayoyajua kutoka kwako nawajibu. Picha yako ukiwa juu ya yule farasi mwekundu nimeionyesha mpaka kwa karani wa chama cha msingi, akasema hajui kama Mikindani imewahi kutoa mtu wa namna hiyo. Nikamwambia wanaume na wanawake wanashindana pamoja kwenye mchezo huo, kundi moja, zawadi moja. Alinyamaza kwanza, halafu akaomba nimtumie picha. Lakini Idi mbili hukuja, na bibi yako anauliza farasi gani hao wasio na sikukuu.

Laki mbili ulizotuma za dawa ya mikorosho zimefika. Nusu nimenunua salfa na kukodi mashine ya kupulizia, maana mwaka jana ugonjwa wa ubwiriunga ulituharibia maua nikiwa nasubiri. Nusu nyingine imekwenda kwenye deni la dukani ambalo sikukutajia. Tutalirudisha msimu ukifunguliwa, mnada wa kwanza tu. Usimtumie Shafii pesa mkononi, ananunua vifurushi, ingawa kwa hizi siku tatu za kusoma amestahili kidogo. Bati la jikoni bado linavuja upande wa kisima, lisikuumize kichwa, kiangazi hiki kitatusubiri. Mdogo wako Zuhura tunamtoa ndani Septemba, mama yako alitaka uwepo, amelia kidogo, sasa amenyamaza. Siku hiyo piga simu, hata usiku.

Hamisi anakuja Dar na basi la Jumatano, anafika Mbagala jioni. Ukamsubiri pale, usimtume mtu. Amebeba ndoo ya bluu yenye mfuniko. Ndani kuna korosho kilo mbili, mama yako amezibangua mwenyewe na kuzikaanga bila chumvi kama unavyopenda, ming'oko ya kula hapohapo Dar kabla haijaharibika, na lile koti zito la marehemu babu yako alilotoka nalo melini. Linanuka dawa ya nondo, lianike siku moja. Mfukoni kuna karatasi yenye namba yangu, ya mjomba na ya jirani. Mpe huyo kocha wako siku ya kwanza ukifika, halafu unitumie ujumbe na jina la mtu atakayesimama kando ya magogo. Jina tu linanitosha.

Ndoo ni ya Mama Asha. Hamisi anarudi Ijumaa, mpe airudishe na mfuniko wake.

Baba yako