Jua limerudi, somo yangu

Tromsø, Norwei, 24 Januari

Somo yangu mpenzi,

Salamu sana. Baada ya salamu, mimi huku ni mzima, kikohozi cha Desemba kimekwisha, masomo yanakwenda. Hali za watu wengine nitaziuliza mwisho, maana nikianza nazo nitajificha humo na jambo lenyewe litanipita tena.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara nne. "Kama kuna nilipokukosea, niambie." Hujanikosea popote. Umejifungua tarehe 3 Desemba, ungali kitandani ukanitumia picha ya mtoto, na chini yake mstari mmoja: amezaliwa alfajiri, sauti kairithi kwa babu. Sikujibu. Si siku ile, si wiki ile; leo ni siku ya 52. Nimezihesabu kwenye kalenda nikaona haya. Nisamehe, somo. Nataka tu ujue ilivyokuwa, kisha useme utakalosema.

Jua lilituaga Novemba. Unakumbuka mwalimu wa jiografia alivyoliinamisha lile chungwa mbele ya mshumaa? Mhimili wa dunia umeinama digrii 23 na nusu, basi ikifika Desemba huku kaskazini tunakuwa tumelipa jua kisogo. Tromsø iko zaidi ya kilomita 300 ndani ya Duara la Aktiki. Kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halivuki upeo wa macho hata kidogo, na kwa kuwa kusini kuna milima, sisi wa mjini tunalingoja mpaka tarehe 21 Januari. Wenyewe wanauita mørketid, wakati wa giza. Si giza tupu. Ikikaribia saa sita mchana mbingu inageuka buluu, kama wino uliotiwa maji, na theluji nayo inaunywa ule ubuluu, na mlima, na daraja, na nyuso za watu. Saa mbili tatu hivi, kisha usiku unarudi mahali pake.

Wiki ya kwanza nilifurahi, picha ulizipata. Ya pili nikaanza kuzinduka usingizini nisijue ni usiku wa jana au wa leo.

Sasa fikiria saa zetu, somo. Saa moja ni saa ya kwanza tangu jua kuchomoza. Maisha yangu yote nimeitaja bila kuliona jua ndani yake. Huku naamka, moyoni nasema saa moja asubuhi, nje nyota. Saa mbili asubuhi, nyota. Saa kumi alasiri, nyota zilezile. Maneno yakaanza kunibanduka moja moja, asubuhi, adhuhuri, alasiri, magharibi, nikawa nayatamka na hayana kitu cha kushika. Ujumbe wako ulinikuta kituo cha basi, glavu moja nimeivua ili niweze kugusa simu. Niliposoma "amezaliwa alfajiri" nililia palepale, kwa furaha, na kwa lile neno. Nikajiambia: huyu si wa kujibiwa kwa maneno mawili na vidole vilivyokufa ganzi. Nitamjibu asubuhi, nimetulia.

Ndiyo hivyo. Nilisema asubuhi, na asubuhi haikuja.

Najua kalenda ilikuwepo. Lakini kila siku niliona bado ni usiku uleule wa ujumbe wako, kwamba sijachelewa, kwamba kukipambazuka tu nitaandika. Kisha nikagundua zimepita wiki tatu, aibu ikaingia, na aibu ndiyo iliyonifunga mkono kuliko giza. Hapo ndipo kosa langu lilipo na sitalisukumia jua.

Usingizi ulipoharibika kabisa nikaomba miadi ya daktari. Nikaambiwa halv tre. Tafsiri yake neno kwa neno ni "nusu tatu", nami nikaifanya saa tatu yao na nusu, yaani saa tisa na nusu kwetu. Kumbe wao wanahesabu nusu ya kuiendea tatu: saa nane na nusu mchana. Nimefika, zamu yangu imepita saa nzima iliyopita. Kichwani nina saa ya Kiswahili, saa ya simu na saa ya Kinorwei, na nje hakuna jua la kuziamua.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa chini, bibi mmoja mwenye nywele nyeupe pe. Aliniona ngazini, akanitazama machoni, akauliza kama ninatoka nje wakati wa buluu. Nikasema hapana, niko darasani au nimelala. Toka siku ile akawa ananigongea mlango saa tano na nusu, kila siku nisiyokuwa na kipindi. Alinipa vile vyuma vyenye meno vya kuvalisha chini ya viatu, maana barafu ya hapa ni kioo, na kibandiko cha kuning'iniza kwenye koti ambacho gari likikimulika kinawaka. Hapa hatoki mtu bila hicho. Tunatembea polepole mpaka ufukweni na kurudi. Bahari, somo, haigandi! Mkondo wa maji ya uvuguvugu unatoka mbali huko Atlantiki unapita hapa, mashua zinaingia na kutoka bandarini Januari yote. Nilipoyaona maji yakipiga gati nilitulia.

Alinipa na mafuta ya ini la samaki, kijiko kimoja kila siku, kwa ajili ya vitamini D ambayo ngozi haiwezi kujitengenezea bila jua. Kanuni yao ni kunywa katika kila mwezi wenye herufi r, na kwa Kinorwei hiyo ni Septemba hadi Aprili. Nikamhesabia kwa Kiswahili: Januari, Februari, Aprili, basi. Alicheka mpaka akajishika ukuta.

Na usiku mmoja, tukirudi kutoka dukani, akanishika mkono akanielekeza juu. Ile mianga ya kaskazini. Ya kijani, inakunjuka na kukunjana kama kanga inayokung'utwa, bila sauti yoyote. Kumbe ni chembe zinazotoka kwenye jua, zinagonga hewa ya juu kabisa, zaidi ya kilomita 100 kutoka tulipo, na oksijeni ndiyo inayotoa ule ukijani. Nilisimama pale shingo inaniuma. Jua lenyewe hatulioni, na bado linatuma kitu. Nilikukumbuka wewe, na jumbe zako zilizokuwa zikiingia bila jibu, na nusura niandike usiku ule. Nusura.

Basi juzi tarehe 21 likarudi. Mji mzima unakula maandazi yaliyotiwa jemu ndani, wanayaita solboller, maandazi ya jua. Walimu wametoa watoto nje, wamejipanga kwenye theluji wamekodoa macho kusini. Bibi amenivuta mpaka kwenye mteremko wenye uwazi. Karibu na saa sita ukingo wa mlima ukaanza kuwa kama shaba inayoyeyuka, kisha kipande chembamba, chekundu, kikachungulia. Dakika chache tu. Kilichomoza na kuzama hapohapo mchana kati, lakini kivuli changu nilikiona. Miezi miwili sikuwa nacho. Kilikuwa kirefu mno, kilifika mpaka barabarani. Simu ilinilia mfukoni wakati ule ule, nikaitoa, ni wewe: kama kuna nilipokukosea.

Kwa hiyo hii ndiyo asubuhi niliyokuahidi bila kukwambia. Hongera, somo yangu. Hongera ya kujifungua salama, hongera ya kuitwa mama. Mola amkuze, ampe afya, na hiyo sauti ya babu aitumie vizuri. Picha yake nimeibandika pembeni mwa dirisha, upande linakotokea jua, na kila siku sasa linaongeza dakika kadhaa. Ikifika Mei halitazama tena mpaka Julai; sijui huko nitalala vipi, ila nimekwisha mwambia bibi anitafutie pazia zito.

Sasa nijibu, hata ukiwa na hasira. Jina mmempa lipi? Analala usiku au anawakesha? Mama mkubwa goti limepona? Kibonge amerudi kazini, au bado yale mambo yake? Na wewe mwenyewe unakula, unalala, nani anakushikia mtoto ukioga? Je, uliniombea dua au ulininung'unikia, maana vyote nimestahili? Nipigie Jumapili, saa tatu usiku ya kwako. Huku ni saa moja, nimekwisha hesabu mara tatu na nimeandika kwenye karatasi. Mweke mtoto karibu na simu. Akilia, mwache alie, nataka kuisikia.

Somo yako