Bomba la boila si la kununua skrapu

Mhariri, naomba nafasi kidogo manake jambo hili limenikaa rohoni. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Changamwe, na ninachokiona siku hizi ni wenye viwanda wanaokota mabomba ya skrapu, bomba limetoka kwenye boila iliyokufa huko, likasuguliwa kutu likapigwa rangi, kisha naambiwa fundi piga weldi turudi kazini.

Kuna mahali tuliweka mabomba kama hayo upande wa superhita, pale mvuke wa boila unapopashwa zaidi ukishatoka kwenye maji. Yalipimwa unene kwa mashine, yako sawa, mwenye mali akafurahi. Haikufika miezi sita moja likapasuka kwa urefu, na ule ufa midomo yake minene, chuma hakijakonda hata kidogo. Vijana walikuwa wametoka kwenda kula, wallahi ni Mungu tu.

Sasa watu wanapima unene na ugonjwa uko ndani. Chuma cha kawaida kikipita kama digrii 370 kinaanza kuvutika polepole hata mzigo usipoongezwa, vile boriti za mikoko kwenye nyumba za Mji wa Kale zinavyobonyea katikati miaka nenda miaka rudi na dari ni lile lile. Na zile kabaidi, yaani punje ngumu za kaboni na chuma zinazokipa chuma nguvu, moto wa miaka unazikusanya madonge madonge, halafu vitundu vidogo vinatokea kwenye mipaka ya chembe za chuma, vikiungana ndio ufa huo. Kwa macho huvioni. Digrii 10 au 15 kuzidi zile bomba lilizoundiwa zaweza kula nusu ya umri wake, na gamba likijenga ndani bomba linakuwa moto kuliko geji inavyosema.

Mabomba mengi umri wake unapigiwa hesabu ya saa 100,000, yaani kama miaka 11 mchana na usiku. Muulize muuza skrapu hili limekaa motoni saa ngapi, atakuangalia tu.

Wakaguzi tunawaomba wadai daftari la saa na digrii, na bomba kuukuu ling'arishwe kipande, lipakwe asidi, lichukuliwe chapa kwa utando wa plastiki iangaliwe kwa hadubini. Mimi bomba lisilo na karatasi sichomelei tena, mwezi uliopita nimekosa kazi mbili kwa hilo.

Fundi wa boila,
Changamwe, Mombasa