TS808 ya zamani au toleo jipya? Soma kabla hujalipa

Mteja akituuliza kama Ibanez TS808 (pedali ya ovadraivu, yaani ya kukwaruza sauti ya gitaa la umeme) ya mwaka 1980 inastahili bei yake kubwa wakati kuna toleo jipya lililorudishwa sokoni 2004, nasi humuuliza: unataka kupiga gitaa au kukusanya vitu vya kale? Kama ni kupiga, nunua toleo jipya.

Saketi ni ileile. Chipu ya JRC4558D inakuza sauti, dayodi mbili za silikoni zinakata vilele vya mawimbi, na rezista ya kiloomu 4.7 ikishirikiana na kapasita ya mikrofaradi 0.047 inazuia besi iliyo chini ya hezi 720 isikuzwe sana. Ndiyo maana ovadraivu hii hujaa sauti za kati na haivurugi besi. TS9 iliyofuata inatofautiana hasa kwenye rezista mbili za mwisho: 808 ina omu 100 na kiloomu 10, TS9 ina omu 470 na kiloomu 100. Tunazibadilisha mteja akitaka, ila mabadiliko hayo ni madogo masikioni.

Mbona basi pedali mbili zikiwekwa sambamba husikika tofauti? Angalia nobu ya Drive. Potenshiomita yake, yaani rezista inayobadilishwa kwa kuzungushwa, ni ya kiloomu 500, na ikipishana kwa asilimia 20, moja itakuwa na 400 na nyingine 600. Zote zikizungushwa hadi mwisho, ya kwanza hukuza mara 97 hivi, ya pili mara 139. Hapo umri hauhusiki. Ukilinganisha, usifuate alama za nobu. Fuata sikio mpaka mkwaruzo ulingane, kisha sawazisha ukubwa wa sauti kwa programu ya desibeli kwenye simu. Inayotoa sauti kubwa kidogo tu huonekana tamu zaidi, na watu wengi wamelipia desibeli mbili wakidhani wamelipia uzee.

Pedali ya zamani ina magonjwa yake, na kubwa ni kapasita za elektroliti kukauka. Ikivuma kwa adapta na kutulia kwa betri, jaribu kwanza adapta nyingine ya volti 9 yenye plagi na nguzo sawa na ile ya kwanza. Bado inavuma? Shuku kapasita ya mikrofaradi 100 ya njia ya umeme na ya mikrofaradi 47 inayotuliza volti ya kati (nusu ya zile 9). Weka mpya za volti 16 au zaidi, ukichunga upande wa hasi. Kisha pima kwa mita, waya mweusi ukiwa kwenye graundi: mguu wa 8 wa chipu usome karibu volti 9, mguu wa 1 na wa 7 karibu 4.5. Mmoja ukiegemea 0 au 9, chipu au kiungo cha risasi ya kulehemu kimekufa.

Kabla ya kulipa bei ya mkusanyaji, omba bamba la chini lifunguliwe. Risasi inayong'aa katikati ya iliyofifia ni dalili ya kipuri kilichobadilishwa. Chipu iliyokaa kwenye soketi nayo itiliwe shaka. Kutu ya kijani kwenye klipu ya betri si tatizo kubwa, mradi haijafika kwenye bodi.

Ukituletea ya zamani tuitengeneze, vipuri vilivyotolewa tunakurudishia ndani ya bahasha. Vitunze, maana mnunuzi wa baadaye ataviulizia.