Kwa Zaitun, kuhusu jina lako

Mwanangu Zaitun,

Assalaamu alaykum. Karatasi yako nimeikuta ndani ya mkoba wangu wa sokoni. Umeuliza kwa nini Is-haka na wadogo zake wanaitwa kwa jina la Baba, na wewe peke yako humu ndani unaitwa kwa jina la mtu ambaye hujapata kumuona. Ukamalizia kwa kuuliza kama ni kwa sababu ya miguu yako. Hilo la mwisho nalijibu kwanza: hapana. Hata ungekuja kwetu unakimbia, jina lako lingekuwa hilohilo.

Wewe ni binti Ahmed, wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, huko Komoro. Bibi yako mzaa Baba ni wa huko, na mama aliyekuzaa alikuwa mjukuu wa dada yake. Uchungu ulimkaa muda mrefu, wewe ukatoka bila kulia, naye akafariki siku ileile. Hewa ilichelewa kufika kwenye ubongo wako, na hapo ndipo ulipoanzia mtindio wa ubongo. Hakuna jini hapo, hakuna mwanga, hakuna kijicho cha mtu. Nakwambia waziwazi kwa sababu najua maneno unayoyasikia ukipitishwa barazani, na mengine husemwa na watu wanaotupenda.

Marehemu Ahmed alibaki nawe. Kutoka Nzwani mpaka kisiwa cha Maore, yaani Mayotte, ni kama kilomita 70 za bahari, na Maore iko chini ya Ufaransa. Tangu 1995, Ufaransa ilipowawekea viza Wakomoro wa visiwa vingine, watu huvuka kwa viboti vinavyoitwa kwasakwasa, wamesongamana, na wengi wamezama. Baba yako alipanda kimoja, anakwenda kutafuta kazi ili apate pesa za kukutibu. Hakikufika. Mtu aliyekufa akikuhangaikia namna ile, nani angethubutu kumfuta kwenye jina lako? Mimi siwezi, na Baba hakutaka hata kulisikia.

Sisi tulikuchukua kwa kafala, njia ya dini yetu, ambayo hata Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inaitambua. Mlezi anabeba yote ya mzazi, ila nasaba ya mtoto haiguswi. Zaid bin Haritha, aliyelelewa na Mtume (S.A.W.), watu walikuwa wakimwita Zaid bin Muhammad. Ikateremka aya ya 5 ya Sura ya Al-Ahzab, kwamba watoto waitwe kwa baba zao, naye akarudi kuwa Zaid bin Haritha. Mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua.

Sasa nikwambie jambo ambalo pengine hujapata kusimuliwa vizuri. Ulipoletwa Wete ulikuwa na mwaka na miezi, na Is-haka bado ananyonya. Bibi akampeleka Baba kwa sheikh kuuliza, maana alikuwa akiwaza mbali: huyu ni mtoto wa kike, atakua, atahitaji kubebwa na kuvishwa, nani atamshika? Sheikh akasema katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoto aliye chini ya miaka miwili akipata maziwa ya mwanamke mara tano mbalimbali, basi ni mtoto wake, mume wake ni baba yake, na watoto wake ni ndugu zake wa kunyonya.

Lakini wewe ulikuwa huwezi kunyonya. Mdomo haukamati, ulimi unasukuma nje, na ukikaza mwili mgongo unajipinda kama upinde. Sheikh akasema hata ya kukamua yanafaa, muradi yafike tumboni. Basi nikakamua kwenye kikombe. Bibi akakupakata wima, mkono mmoja nyuma ya shingo, kidevu kimeinama kidogo, kwa sababu ungelazwa yangekwenda kwenye mapafu. Nikakutilia kwa kijiko cha chai, kidogo kidogo, nangoja koo lisogee, nasikiliza pumzi, ndipo cha pili. Mengi yaliishia kwenye kanga ya Bibi. Kikombe kimoja kikachukua asubuhi nzima, na tulipomaliza mara ya tano Bibi alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Ndiyo sababu leo Baba anakubeba mgongoni kukupandisha garini, na Is-haka anakunyoosha miguu alfajiri nawe huna haja ya kukimbilia mtandio.

Tena usidhani ndani ya nyumba hii ilikuwa furaha tupu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza kwamba dhara la ubongo haliongezeki, lakini misuli iliyokaza hubaki mifupi huku mifupa inarefuka, kwa hiyo lazima inyooshwe kila siku. Ulilia sana kwenye mkeka ule. Is-haka alikuwa akiziba masikio, na alipokuwa mdogo aliwahi kuniambia nimrudishe mgeni kwao. Kisha akawa yeye ndiye anayekuhesabia ukisimama kwenye ile mianzi miwili aliyoifunga Baba uani. Skuli ya kwanza ilitukataa kwa kisingizio cha ngazi. Baba akenda skuli nyingine na nakala ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2006 mfukoni, hata hakuitoa: mwalimu mkuu alikutazama, akakuuliza jina, akalihamishia darasa zima chumba cha chini. Nikimkumbuka mwalimu yule namuombea dua.

Watu wakija hapa hunipongeza kwa thawabu nilizozichuma kwako. Siwapendi wakisema hivyo mbele yako. Mtoto si sadaka. Nilikutaka uwe mwanangu, ndiyo basi, na thawabu ni za Mungu kumpa amtakaye.

Liko jambo moja ambalo jina linalibadilisha kweli, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Mtoto wa kafala harithi, na maziwa nayo hayarithishi. Lakini mtu anaruhusiwa kumuusia asiye mrithi mpaka theluthi ya mali yake. Mimi na Baba tumeandika wasia mbele ya mashahidi: mikarafuu ya upande wa bondeni na chumba cha uani ni vyako. Is-haka na wadogo zake wameelezwa, na wameridhia wote.

Cheti chako cha kuzaliwa, kile cha Kifaransa, kimo kwenye kasha langu, ndani ya bahasha ya kaki. Mwambie Is-haka akutolee. Picha ya marehemu baba yako imo humohumo, amevaa kofia, na paji la uso ni lako hasa. Ijumaa baada ya sala shangazi yako atapiga simu kutoka Mutsamudu. Safari hii usinipe mimi nizungumze kwa niaba yako. Sema naye mwenyewe, pole pole, atakungoja. Muulize baba yako alikuwa mtu wa namna gani, maana mimi sikumjua, na ningependa na mimi nisikie.

Mama yako,
Wete, Pemba